Siki, manjano na bomba la sindano: mwongozo kamili wa taitresheni inayofanywa na wanafunzi wenyewe

Bureti tatu (mirija ya kioo yenye vipimo na koki), wanafunzi sitini. Mwalimu anafanya taitresheni mbele, yaani anadondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi igeuke ili kujua ukolezi wake, dawati la kwanza linaona rangi ikigeuka, na waliobaki nyuma wananakili jedwali. Halafu inakuja siku ya mtihani wa vitendo, wa NECTA huku Tanzania au karatasi ya tatu ya KCSE kule Kenya, na kila mmoja anakabidhiwa bureti yake. Wapo wanaoishika siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Dawa ya hali hiyo si lazima iwe maabara mpya. Mwongozo huu unahusu vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana, makundi 15 ya wanafunzi wannewanne, bila bureti hata moja. Kemikali zinazotumika kwa darasa zima ni gramu nne za kostiki soda na mililita mia mbili za siki. Kila mwanafunzi atadondosha, atazungusha, atasoma na ataandika.

Anza na swali ambalo hata wewe hujui jibu lake

Wanafunzi huchangamka wanapotafuta jambo ambalo mwalimu hajaliandika tayari kwenye daftari lake. Kwa hiyo usiwaambie "leo tutafanya taitresheni ya asidi na besi". Nunua chupa mbili za siki nyeupe za watengenezaji tofauti, ziweke mezani, kisha uliza: lebo inasema asilimia 5, je, ni kweli? Nani anatuuzia maji?

Kila mwanafunzi aandike utabiri wake kwa kalamu ya wino kabla ya kugusa chochote: siki ipi kali zaidi, na kwa nini. Utabiri ulioandikwa hauwezi kukanwa baadaye, ndiyo maana aliyeuandika hufuatilia kila tone. Makundi 1 hadi 8 yachukue siki ya kwanza, 9 hadi 15 ya pili. Siki iwe nyeupe. Ile ya kahawia huficha badiliko la rangi.

Vifaa vya kila kundi

Mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 na moja la mililita 1, yote bila sindano. Vikombe viwili vidogo vinavyopitisha mwanga (plastiki ya kutupa inafaa, au kitako cha chupa ya maji kilichokatwa). Karatasi nyeupe ya kuweka chini ya kikombe. Vichupa viwili vyenye lebo, kimoja cha besi (hapa kostiki soda) na kimoja cha asidi (hapa siki). Kitambaa.

Mabomba hupatikana duka la dawa. Unaponunua yale ya mililita 1, epuka ya insulini ambayo sindano yake imeshikamana na bomba. Mwalimu azitoe sindano zote nyumbani na kuzitupa kwa usalama. Zisifike darasani kabisa. Bomba la besi lifunge utepe mwekundu, la asidi wa bluu, na yasibadilishane kazi mwaka mzima. Bomba lililotumika kwenye kemia lisirudi kamwe kwenye matumizi ya dawa.

Kuandaa miyeyusho, siku moja kabla

Fanya kazi hii mwenyewe, ukiwa umevaa miwani ya kinga na glavu. Kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi ya watengeneza sabuni, hula ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Myeyusho unaotakiwa una moli 0.1 kwa lita. Moli ni kipimo cha idadi ya chembe, na moli moja ya kostiki ni gramu 40, maana yake gramu 4.0 kwa lita. Tatizo ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ikikosea nusu gramu kwenye gramu nne, umekosea zaidi ya asilimia 12. Kwa hiyo pima kingi kisha uzimue: gramu 20 za kostiki ndani ya maji ya baridi hadi ifike mililita 500, na hapo una moli 1 kwa lita. Chukua mililita 100 za myeyusho huo, ongeza maji hadi lita moja. Kosa lilelile la nusu gramu sasa ni asilimia 2.5 tu. Tia kostiki kidogo kidogo kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu inapoyeyuka hutoa joto kali na inaweza kuruka.

Chupa za kupimia utazitengeneza mwenyewe. Weka chupa tupu kwenye mizani, isome sifuri, jaza maji hadi gramu 500, piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Gramu 500 za maji ni mililita 500, na mstari huo ni sahihi kuliko kukisia shingo ya chupa.

Maji yawe ya mvua au yaliyotoneshwa. Ya kisima chenye chumvi za kalsiamu huchafua kazi: kostiki ikiingia, myeyusho hufanya ukungu mweupe, nao ni kalsiamu kaboneti inayoganda huku sehemu ya besi ikiliwa. Ukiona ukungu huo, mwaga uanze upya.

Siki: mililita 100 za siki, ongeza maji hadi lita moja. Umezimua mara kumi. Siki ya asilimia 5 ina gramu 50 za asidi asetiki kwa lita, na moli moja ni gramu 60, kwa hiyo ni moli 0.83 kwa lita. Ikizimuliwa inakuwa 0.083. Fanya hivyo kwa kila siki, na andika lebo "Siki A" na "Siki B".

Kisha kuna kazi ambayo walimu wengi huiruka: kuhakiki besi. Kostiki iliyokwisha kufunguliwa hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi hewani, hivyo gramu 20 ulizopima si gramu 20 za sodiamu haidroksaidi. Tumia asidi sitriki ya unga, ile inayotumika kwenye vyakula. Soma pakiti: kama ina maji ya fuwele (moli moja ni gramu 210), yeyusha gramu 35 hadi mililita 500, kama haina (gramu 192), gramu 32. Chukua mililita 100 zake, zimua hadi lita moja. Asidi sitriki hutoa haidrojeni tatu, kwa hiyo myeyusho huo una uwezo wa moli 0.1 za haidrojeni kwa lita. Dondosha kwenye mililita 5.0 za besi yako. Ikitumika 4.60, besi yako ni 0.1 × 4.60 ÷ 5.0, yaani 0.092. Namba hiyo ndiyo utakayoandika kwenye lebo ya besi. Bila hatua hii, siki zote mbili zitaonekana kali kupita ukweli na darasa zima litashutumu lebo isiyo na kosa.

Kiashiria cha manjano

Kiashiria ni kile kinachobadili rangi kuonyesha asidi na besi zimemalizana. Ukiwa na fenolfithalini, kiashiria cha maabara, itumie. Kama huna, manjano ya sokoni yanafaa kazi hii kuliko wengi wanavyodhani. Rangi yake hugeuka kati ya pH (kipimo cha uasidi na ubesi) 7.4 na 9 hivi, na asidi dhaifu kama ya siki inapomalizana nguvu na besi kali, pH huwa karibu na 8.5. Yanaangukia palepale panapotakiwa.

Changanya kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano na mililita 50 za spiriti, tikisa, acha dakika 20 utulie, chukua kimiminika cha juu. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala kibiriti karibu. Kwenye besi kiashiria hiki huwa chekundu cha kahawia, kwenye asidi manjano mang'avu.

Maji ya choya ni mazuri sana kwa kipindi kilichotangulia, cha kufundisha viashiria: mekundu kwenye limao, ya kijani kwenye maji ya magadi. Wanafunzi wanayapenda. Lakini yanapitia rangi kadhaa njiani, na kila kundi litasimama kwenye rangi yake. Kwa kupima, baki na manjano.

Jambo moja la kuzingatia: manjano huharibika ndani ya besi na kufifia baada ya dakika kadhaa. Matone ya kiashiria yaingie kikombeni pale tu kundi liko tayari kudondosha.

Usalama, kwa dakika tano, bila kutishana

Besi ikae kikombeni, asidi ndiyo iwe kwenye bomba la kudondoshea. Mpangilio huu una sababu: bomba likisukumwa kwa nguvu hurusha mbali, na ni heri irushwe siki iliyozimuliwa kuliko kostiki. Bomba jekundu linatumika kwa kupimia besi tu, mdomo wake ukiwa ndani ya kikombe.

Miwani kwa wote. Zikiwa chache, anayepima besi na anayedondosha ndio wa kwanza kuvaa, na waliobaki wasiinamie kikombe. Nywele zifungwe, ncha za hijabu ziingizwe ndani. Hakuna kunyonya kimiminika kwa mdomo. Weka ndoo ya maji safi na kikombe cha kuchotea pembeni. Besi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 mfululizo huku kope zikishikiliwa wazi, kisha hospitali. Usitie siki jichoni "kuua" besi. Vidole vikiwa na utelezi kama wa sabuni, ni besi. Osha mara moja.

Na hili ni zito kuliko yote: kostiki isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata ikiwa na lebo. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo, na kostiki iliyomezwa huunguza koo kwa namna isiyopona vizuri. Tumia kopo la plastiki lisilofanana na chombo cha kinywaji, lifungiwe kabatini. Hata chupa zile ulizopigia mistari, zitoboe na kuzitupa ukimaliza, au zipake rangi nje kabisa.

Kazi yenyewe

Kila kundi lina kazi nne: mpimaji wa besi, mdondoshaji, mzungushaji wa kikombe, na mwandishi anayehakiki kila usomaji. Yapo majaribio manne, moja la kukadiria na matatu ya makini. Baada ya kila jaribio, kazi zinahama mtu mmoja kulia. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi amefanya zote. Usiruhusu "yeye anajua zaidi aendelee". Hapo ndipo nusu ya darasa inapopotea.

1. Kwa bomba jekundu, vuta besi zaidi ya mililita 5, geuza mdomo juu, gonga bomba kwa kidole hadi hewa ipande, isukume itoke, kisha shusha hadi 5.0. Toa yote kikombeni.
2. Ongeza maji safi kama mililita 10 ili rangi ionekane vizuri. Wanafunzi huogopa hatua hii wakidhani wanaharibu kipimo. Waulize: moli za besi zimeongezeka? Zimepungua?
3. Weka matone manne ya kiashiria.
4. Jaribio la kukadiria: kwa bomba la bluu, toa asidi nusu mililita kwa nusu mililita, ukizungusha kila mara, hadi rangi iwe manjano kabisa. Jaza bomba tena likiisha. Andika, tuseme 6.0.
5. Majaribio ya makini: toa kwa mkupuo kiasi kilichopungua mililita moja kwenye kadirio lako, hapa 5.0.
6. Malizia kwa bomba la mililita 1, tone moja moja. Tone ni takriban mililita 0.05. Simama kwenye tone linaloondoa wekundu wa mwisho na rangi isirudi kwa sekunde 20.
7. Jumlisha: 5.0 na 0.60 ni 5.60. Andika kwa wino. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe.

Kabla hawajaanza, tengeneza kikombe cha kulinganishia: maji, siki kidogo, matone manne ya manjano. Kila kundi liwe nacho pembeni ya kikombe cha kazi, juu ya karatasi nyeupe. Ubishi wa "imefika, haijafika" hupungua sana.

Ratiba inayotosha: dakika 10 za swali na utabiri, 5 za usalama, 10 za kukadiria, 30 za majaribio matatu, 15 za hesabu na jedwali la darasa, 10 za kusafisha. Wazungumze kwa Kiswahili wanapobishana kuhusu rangi na moli, halafu ripoti waiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayelazimishwa kubishana kwa lugha ambayo bado anaitafuta huishia kunyamaza.

Kusoma bomba: hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia

Mpira wa ndani ya bomba una kilele kama koni na miviringo miwili inayogusa ukuta wa plastiki, mmoja mbele na mwingine nyuma. Usomaji ni pale mviringo wa mbele, ulio karibu na mdomo, unapogusa ukuta. Si ncha ya koni, wala si mviringo wa nyuma. Chora picha hiyo kubwa ubaoni na mpe kila mwanafunzi bomba lenye maji asome, kabla ya kemikali yoyote. Mmoja akisoma mbele na mwenzake nyuma, majibu ya kundi lilelile yataachana kwa nusu mililita au zaidi.

Kiputo cha hewa nacho ni mwizi. Kinapimwa kama kimiminika lakini hakina moli hata moja. Mdomo wa bomba ukiwa umejaa mwanzo na umejaa mwisho, kimiminika kilichobaki humo hakiharibu hesabu. Ukiwa na hewa mwanzo, kinaharibu.

Hesabu na jedwali la darasa

Chukua wastani wa majaribio ya makini yanayokaribiana ndani ya mililita 0.1: 5.60, 5.55 na 5.65 hutoa 5.60. Kadirio haliingii kwenye wastani.

Moli moja ya asidi asetiki humalizana na moja ya sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo ukolezi wa siki iliyozimuliwa ni 0.092 × 5.0 ÷ 5.60, sawa na 0.082. Rudisha uzimuaji: mara 10, 0.82. Zidisha kwa 60 upate gramu 49 kwa lita, yaani asilimia 4.9. Wanafunzi wengi hukwama kwenye kuzidisha kwa kumi. Wanasahau kwamba siki iliyo kikombeni siyo ile iliyo dukani. Waache wakwame kidogo. Mwanafunzi atakayetangaza kwamba siki ya dukani ni asilimia 0.49 ataulizwa na wenzake, na swali la mwenzake linamzindua kuliko la mwalimu.

Kisha kila kundi liandike jibu lake ubaoni, yote 15, bila kuficha. Kundi lililo mbali na wengine lisikemewe. Lisomewe hatua zake kwa sauti na darasa litafute kosa. Kama makundi manane yanakaribiana kwenye 4.9 na yale saba kwenye 4.3, hapo kuna la kusema juu ya siki B. Kama majibu ya siki moja yenyewe yanaanzia 4.2 hadi 5.3, bado hamna haki ya kumlaumu mtengenezaji yeyote, na ni vizuri walione hilo kwa macho yao.

Yanayoharibika

Rangi ni manjano tangu tone la kwanza: mpimaji amevuta asidi kwa bomba jekundu, au kikombe hakikuoshwa. Rangi inageuka kisha wekundu unarudi: kikombe hakizungushwi vya kutosha, matone ya besi yamebaki ukutani, suuza ukuta kwa maji kidogo. Rangi imefifia na haieleweki: kiashiria kilikaa muda mrefu kwenye besi. Kila jaribio linazidi lililotangulia kidogo kidogo: bomba linavuja kwenye mpira uliochoka. Matokeo ya darasa zima yako juu kwa kiasi kilekile: besi ni dhaifu kuliko lebo yako, rudi kwenye uhakiki.

Manjano hutia doa kwenye shati jeupe la shule. Doa likifuliwa kwa sabuni hugeuka jekundu, na mzazi atashtuka. Ni besi ya sabuni inayofanya hivyo. Suuza vizuri, anika juani, na jua litalififisha. Waeleze wanafunzi mapema, kwani wengi watakwenda kulijaribu nyumbani kwa hiari yao.

Mabaki yote ya asidi na besi yamiminwe ndoo moja yenye matone ya manjano, yarekebishwe kwa siki hadi rangi iwe manjano, kisha yamwagwe na maji mengi. Mabomba yaoshwe mara tatu na kukaushwa mpira ukiwa umechomolewa nje, la sivyo hugandamana na muhula ujao hayasogei.

Kipindi kinachofuata

Waambie walete asidi za kwao. Maji ya limao yaliyochujwa yanakubali uzimuaji uleule wa mara kumi, ila sasa asidi ni sitriki na moli moja inakula besi moli tatu, jambo linalowalazimisha kufikiri upya badala ya kunakili fomula ya jana. Ukwaju una rangi nzito, uzimue zaidi. Kwa shule za pwani, tembo la mnazi lililochachuka likawa siki ni sampuli bora: lipimwe leo, lifunikwe kitambaa, lipimwe tena kila wiki, na asidi iliyoongezeka ichorwe kwenye grafu.

Panapokuwa na bureti chache, zilete baada ya hapo, kundi moja moja. Mwanafunzi aliyekwisha kutoa hewa kwenye mdomo wa bomba na kusimama kwenye tone moja atajua mwenyewe cha kuangalia chini ya koki ya bureti.